Renesansi, Mwamko, Nahdha au Uhuisho: Tulinganishe Kabla ya Kuchagua

Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu Michelangelo, au kuhusu hotuba za Thabo Mbeki, aliyekuwa rais wa Afrika Kusini, au hata kuhusu lile bwawa kubwa la Ethiopia, hukutana na neno moja la Kifaransa, Renaissance, na hapo hapo kalamu husita. Wengine huliacha kama lilivyo. Wengine huliandika Renesansi. Wapo wanaosema "kuzaliwa upya", wapo wa "ufufuo", na walio wengi, nadhani, hukimbilia "mwamko". Msomaji wa Unguja au Maskati aliyesoma Kiarabu ataona kwamba nahdha ndiyo yenyewe.

Wanaoandika hivyo hudhani wametaja kitu kimoja kwa majina tofauti. Sivyo. Kila moja ya maneno haya linatoa hukumu juu ya hali iliyotangulia. Ukisema utamaduni umezaliwa upya au umefufuka, umeshasema kwamba ulikuwa umekufa. Ukisema umeamka, umesema ulikuwa umelala. Ukisema umenyanyuka, ulikuwa umekaa au umeanguka. Ukisema umehuishwa, ulikuwa bado unapumua, ila umedhoofu. Mwandishi asiyelitazama hilo anaweza kuzika utamaduni wa watu kwa neno moja, na huku anakusudia kuusifu. Hicho ndicho kipimo nitakachotumia kuyapima maneno haya.

Lilikotoka neno lenyewe

Mzizi ni Kilatini, renasci, yaani kuzaliwa tena. Katika Biblia ya Kilatini mzizi huo umo katika mazungumzo ya Yesu na Nikodemo kuhusu kuzaliwa kwa maji na kwa Roho, kwa hiyo kwa karne nyingi Mkristo wa Ulaya alisikia ubatizo ndani yake. Jambo hili tulikumbuke, maana litarudi tukifika kwenye "kuzaliwa upya" ya Kiswahili.

Mwaka 1550 Giorgio Vasari, mchoraji na msanifu majengo mzaliwa wa Arezzo, alichapisha mjini Firenze kitabu cha maisha ya wasanii wa Italia. Humo alitumia neno la Kiitalia rinascita. Alieleza kwamba sanaa ilipanda juu kabisa zama za Wagiriki na Waroma, ikaanguka pamoja na dola ya Roma, ikaanza kuinuka tena kwa mikono ya Cimabue na Giotto, hadi ikafikia ukamilifu kwa Michelangelo, ambaye kitabu kilipotoka alikuwa bado hai. Vasari alikuwa anazungumzia uchoraji, uchongaji na usanifu. Hakukusudia kuipa jina enzi nzima ya historia, wala hakuzungumzia siasa, biashara au elimu ya anga.

Watu ambao leo tunawahesabu kuwa waanzilishi wa enzi hiyo hawakujua kwamba wamo ndani yake. Mshairi Petrarca aligundua barua za Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, mjini Verona mwaka 1345. Poggio Bracciolini, mwaka 1417, aliliokota shairi refu la Lucretius, mshairi mwingine wa Roma ya kale, katika maktaba ya watawa kwenye nchi za Wajerumani, shairi ambalo karibu lipotee. Kazi yao ilikuwa kutafuta miswada iliyosahauliwa, kuinakili, kuisahihisha na kuisoma upya. Tuiweke akilini sura hiyo ya msomi anayepekua makabati ya nyaraka kuukuu, maana ndiyo kiini cha jambo, na majina karibu yote hayaioneshi.

Neno likawa jina la enzi katika karne ya 19 tu. Mwaka 1855 Jules Michelet alitoa juzuu ya saba ya historia yake ya Ufaransa na kuiita La Renaissance. Kwake, huo ulikuwa wakati ambao binadamu aliugundua ulimwengu na kujigundua mwenyewe, na macho yake yaliikazia Ufaransa ya karne ya 16. Miaka mitano baadaye, 1860, Jacob Burckhardt wa Basel nchini Uswisi akaihamishia Italia, akairudisha nyuma hadi karne ya 14, na akaeleza kwamba pale ndipo mtu wa kisasa, mwenye nafsi yake, alipojitokeza. Burckhardt aliandika kwa Kijerumani, lakini neno aliliacha katika Kifaransa. Tangu hapo picha ya Renesansi iliyomo vichwani mwa walimu wengi ni picha yake.

Kwa hiyo Muyaka bin Haji alikuwa ameshatunga, ameshajibizana na washairi wenzake wa Mombasa na ameshafariki, takriban mwaka 1840, kabla Michelet hajaipa enzi hiyo jina. Tunalidhania kuwa neno la kale, kumbe ni la juzi.

Wengine walifanyaje?

Lugha zimegawanyika. Waturuki walikopa, wakaandika Rönesans. Waindonesia nao wana Renaisans. Warusi walitafsiri kwa neno lao la kuzaliwa upya, Vozrozhdenie. Wapolandi wana yote mawili, renesans na odrodzenie, na yanatumika bega kwa bega. Wachina walifika mbali zaidi: wenyi fuxing, yaani kustawi tena kwa fasihi na sanaa, wakataja na kile hasa kilichostawi. Waarabu waliitwika nahdha, asr an-nahda, ingawa kwao neno hilo lina kazi nyingine kubwa zaidi.

Nayataja haya kwa sababu kuna wanaodhani kukopa ni uvivu na kutafsiri ndiyo heshima kwa lugha. Sikubaliani nao. Kiswahili kilikopa demokrasia, kikatafsiri mapinduzi ya viwanda, na hakuna anayehisi kwamba kimoja ni Kiswahili kuliko kingine. Suala ni neno linataka kufanya kazi gani.

Renesansi

Sifa yake kubwa ni kwamba halisemi kitu. Msomaji wa Kiswahili haoni ndani yake kuzaliwa wala kufa. Linataja tu enzi fulani, mahali fulani, kama vile Misri ya Mafarao inavyotaja enzi na mahali. Na kwa enzi ile ya Ulaya hilo ni faida, kwa sababu wanahistoria wenyewe wameacha kuamini kwamba kilichotangulia kilikuwa maiti. Mwaka 1927 Charles Homer Haskins alionesha kwamba karne ya 12 nayo ilikuwa na ufufuzi wake wa elimu: vyuo vikuu vya mwanzo, sheria ya Kiroma, na tafsiri nyingi kutoka Kiarabu zilizofanywa Toledo na Sicilia. Falsafa ya Aristotle ilirudi Ulaya magharibi kwa kiasi kikubwa kupitia wasomi walioandika Kiarabu, Ibn Rushd wa Córdoba akiwa mmojawapo. Ukiita karne ya 15 "kuzaliwa upya" kwa Kiswahili kitupu, unamwambia msomaji wako kwamba hao wote walikuwa makaburini.

Mwaka 1977 Joan Kelly, mwanahistoria wa Marekani, aliuliza swali zito zaidi: je, wanawake nao walikuwa na Renesansi? Jibu lake lilikuwa kwamba hapana, walau si katika enzi hiyo, kwa kuwa wanawake wa tabaka la juu Italia walipoteza uhuru waliokuwa nao kabla. Ukiwa na neno kimya kama Renesansi unaweza kuliuliza swali hilo bila sentensi yako kujipinga. Jaribu kuandika "wanawake hawakuzaliwa upya wakati wa kuzaliwa upya" uone.

Udhaifu wake ni wazi. Kwa anayelikuta mara ya kwanza ni sauti tupu, na mwandishi lazima alifafanue mara moja, kisha aendelee. Tahajia nayo inayumba: Renaissance, Renaisansi, Renesansi. Mimi nachagua Renesansi, kwa herufi kubwa, kwa sababu inatamkika kama ilivyoandikwa na inakubali viambishi vyetu bila taabu: wachoraji wa Kirenesansi, majengo ya Kirenesansi. Ukiacha Renaissance yenyewe, msomaji asiyejua Kifaransa wala Kiingereza atatamka "renaisansse", na kosa si lake.

Kuzaliwa upya na ufufuo

Haya mawili nitayapita haraka, maana tatizo lao linafanana. Kwa Mkristo anayesoma Kiswahili, na hao ni mamilioni kuanzia Lubumbashi hadi Mombasa, kuzaliwa upya au mara ya pili ni wokovu. Ufufuo ni Pasaka na siku ya mwisho, na kwa Mwislamu kufufuliwa ni Kiyama. Maneno haya yameshikwa na dini, na yameshikwa vizuri.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Kilatini nacho kilikuwa hivyo hivyo, Nikodemo na yote, na bado Wafaransa wakalitumia. Ni kweli. Lakini Mfaransa wa leo akisikia Renaissance huona kasri za mto Loire na michoro ya Leonardo, kwa sababu zimepita karne za matumizi mengine. Kwetu hilo halijatokea. Andika "Firenze ilikuwa kitovu cha kuzaliwa upya" na nusu ya wasomaji watauliza mhubiri alikuwa nani.

Kitenzi kufufua kina nafasi nzuri zaidi. Tunafufua viwanda, tunafufua mashamba ya mkonge, tunafufua timu ya mtaa, wala hakuna anayewaza Kiyama. Ila angalieni: kila kilichomo katika orodha hiyo kilikuwa kimesimama kabisa. Kiwanda kilifungwa, shamba likawa pori. Kufufua kunafaa pale ambapo kweli palikuwa na kifo, mfano lugha isiyo na mzungumzaji hata mmoja wa kuzaliwa nayo. Kiebrania kilivyorudi kuwa lugha ya nyumbani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, hapo andika kufufuliwa bila wasiwasi, ingawa hata hicho kilikuwa kikiandikwa na kusaliwa siku zote.

Mwamko, na ndugu yake uamsho

Mwamko ndilo neno linalopendwa, na lina haki ya kupendwa. Ni fupi, ni letu, linakubali sifa kwa urahisi: mwamko wa kisiasa, mwamko wa utaifa, mwamko wa elimu. Vitabu vya historia vinavyoeleza miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia haviwezi kuishi bila neno hilo. Tena lina jamaa wengi duniani. Waestonia huiita enzi ya harakati zao za karne ya 19 ärkamisaeg, wakati wa kuamka. Walatvia husema atmoda, Waarmenia zartonk, na maana ni ile ile. Kwa watu waliokuwa chini ya himaya ya wengine, wakaanza kukusanya nyimbo zao, kuandika sarufi za lugha zao na kudai shule zao, mwamko ni neno sahihi kabisa.

Ila ndani ya matumizi ya kila siku, hasa Tanzania, mwamko umeelekea upande mwingine. Kiongozi akisema "wananchi hawana mwamko" ana maana hawajui, au hawajitokezi. Mwamko wa chanjo, mwamko wa kulipa kodi, mwamko wa kupiga kura. Hapo neno limekuwa kipimo cha utayari wa watu kuitikia jambo linaloletwa kwao. Kwa hiyo "mwamko wa sanaa" kwa msomaji wa leo unaweza kumaanisha tu kwamba watu wengi zaidi wanakwenda kutazama maonesho. Hakuna ndani yake wazo la kurudi kwenye jambo la kale na kulisoma upya. Msomi wetu anayepekua makabati hayumo.

Pia linawalaza watu. Kusema Afrika inaamka ni kusema ilikuwa usingizini, na mkoloni ndiye aliyekuwa akilipenda zaidi dai hilo.

Uamsho unatofautiana na mwamko kwa kitenzi chake. Anayeamka ameamka mwenyewe. Anayeamshwa ameamshwa na mwingine. Na neno hili lina wenyewe wawili. Kwa Waprotestanti wa Afrika Mashariki, Uamsho ni ule uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Kagera na Kenya, na waliouingia wakaitwa Balokole, ndipo Kiswahili kikapata walokole. Zanzibar, Uamsho ni jumuiya ya Kiislamu ambayo jina lake lilisikika sana katika siasa za miaka ya 2010. Mwandishi wa utamaduni asilichukue neno hilo bila kukusudia dini. Litampeleka asikotaka.

Nahdha

Kwa Kiarabu, nahadha ni kunyanyuka kutoka pale ulipokaa. Nahdha ni mnyanyuko huo. Hakuna kifo na hakuna usingizi: kuna mtu aliyekuwa chini, akasimama kwa nguvu zake. Kati ya picha zote, hii ndiyo yenye heshima kubwa kwa mhusika.

Kama jina la kihistoria, Nahdha ni harakati ya lugha, uchapaji na fikra katika nchi za Kiarabu kwenye karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, hasa Misri, Lebanon na Syria. Rifa'a al-Tahtawi alipelekwa Paris mwaka 1826 akiwa imamu wa wanafunzi wa Kimisri, akarudi 1831, na kufikia 1835 kukawa na shule ya lugha mjini Kairo ambako yeye na wanafunzi wake walitafsiri vitabu kwa wingi. Butrus al-Bustani aliandika kamusi kubwa ya Kiarabu mjini Beirut. Jurji Zaydan alianzisha jarida la al-Hilal mwaka 1892. Anayeandika juu ya watu hawa kwa Kiswahili aseme Nahdha. Kuwaita "Renesansi ya Kiarabu" ni kuwavalisha nguo ya Firenze, na kuwaita "mwamko wa Kiarabu" kutamchanganya msomaji na maandamano ya 2011.

Kwa baadhi ya wasemaji wa Kiswahili neno hili si geni hata kidogo. Katika miaka ya 1950 Unguja kulichapwa gazeti lililoitwa Al-Nahdha. Oman, tarehe 23 Julai 1970, siku Sultani Qaboos aliposhika madaraka, ikaja kuitwa Siku ya Nahdha, na miaka iliyofuata Waomani wengi waliozaliwa au kukulia Afrika Mashariki walirudi wakiwa na Kiswahili mdomoni na ujuzi mikononi. Kwa familia hizo za Maskati nahdha ni barabara, shule na hospitali walizoona zikijengwa. Ukiandika kwa ajili yao, neno unalo tayari.

Bara hali ni nyingine. Mtu wa Mwanza, Nakuru au Bukavu hatalielewa bila maelezo, na huenda akalihisi ni istilahi ya dini. Siasa nazo zimelishika: chama cha Ennahda cha Tunisia kimelibeba jina hilo katika habari za kila siku. Kwa hiyo nahdha kama neno la jumla la Kiswahili siliungi mkono. Kama jina maalumu la harakati ya Waarabu na la enzi ya Oman, halina mpinzani.

Uhuisho

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kuhuisha kumetokana na mzizi wa Kiarabu wa uhai, ule ule uliompa Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, jina la kitabu chake cha kuhuisha elimu za dini, Ihya. Angalia Ghazali alikuwa anafanya nini. Elimu hizo zilikuwa zinafundishwa Baghdad kila siku, tena na yeye mwenyewe. Alichosema ni kwamba roho ya elimu hizo imefifia na lazima irudishiwe pumzi. Ndiyo maana ya kuhuisha: kitu kipo, kina mwendelezo, kina wenyewe, ila kimedhoofu, na sasa mtu anakirudishia uhai kwa kazi ya makusudi.

Kwa utamaduni wa Kiafrika picha hii ndiyo ya kweli mara nyingi kuliko ya kufa au ya kulala. Ngoma haikufa, ilifukuzwa shuleni na kanisani ikaendelea kuchezwa kijijini. Ushairi wa Kiswahili haukulala. Uliendelea kuimbwa Lamu na Pemba huku ofisi za serikali zikiandika barua kwa lugha nyingine.

Uhuisho una matatizo yake, na makubwa mawili yako Tanzania. Ofisini kuhuisha ni kufanya upya karatasi: kuhuisha leseni, kuhuisha taarifa zako, kuhuisha mkataba. Na uhuishaji umeshachukuliwa na watengenezaji wa katuni za kusogea, kwa hiyo "uhuishaji wa hadithi za Kiswahili" kwa kijana wa leo ni filamu ya katuni. Ndiyo sababu natenganisha: uhuishaji tuwaachie wa katuni, na sisi tutumie uhuisho, au kitenzi chenyewe pamoja na kitu chake: kuhuisha ushairi, kuhuisha ngoma, kuhuisha lugha. Kitu kikitajwa, utata wa leseni unaondoka.

Kuna pia mvuvumko, kutoka kuvuvumka, kukua na kustawi kwa haraka kama mmea baada ya mvua. Ni neno zuri kwa sanaa inayochipuka, bongo fleva ya miaka ya 2000 kwa mfano, ambayo haikudai kurudi kokote. Wanaolijua ni wachache, lakini mwandishi akilitumia mara moja mahali pake litaeleweka.

Tuyajaribu kwenye mambo yenyewe

Afrika kwanza. Tarehe 5 Aprili 1906, Pixley ka Isaka Seme, kijana wa Kizulu aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alitoa hotuba aliyoiita kwa Kiingereza The Regeneration of Africa, na miaka sita baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama kilichokuja kuwa ANC. Mwaka 1937 Nnamdi Azikiwe akaandika juu ya Afrika inayozaliwa upya. Mwaka 1948 Cheikh Anta Diop, msomi wa Senegal, akauliza ni lini itawezekana kuzungumzia renaissance ya Kiafrika, na jibu lake lilisimama juu ya lugha: bila kuandika na kufikiri kwa lugha za Afrika, bado. Ngũgĩ wa Thiong'o akalishikilia wazo hilo hadi mwisho, akikumbusha kwamba Ulaya nayo ilichipua pale waandishi wake, Dante akiwa mmoja, walipothubutu kuandika kwa lugha za nyumbani badala ya Kilatini. Mbeki alilifanya neno kuwa sera mwaka 1998, Senegal ikalisimamishia sanamu yenye urefu wa mita 49 mjini Dakar, na Umoja wa Afrika ukalitumia katika kaulimbiu yake ya 2013.

Kwa Kiswahili tuseme nini? Kama unaripoti sera ya Mbeki au jina la sanamu, "Renesansi ya Afrika" ni sawa, maana ndilo jina walilochagua wenyewe. Lakini kama unaeleza wazo la Diop na Ngũgĩ, "uhuisho wa Afrika" unalifikia zaidi. Diop alitumia maisha yake kuthibitisha kwamba kuna mwendelezo kutoka Misri ya kale hadi leo. Mtu anayetetea mwendelezo usimtwike neno la mauti.

Bwawa la Ethiopia ni mfano wa jinsi jina linavyobadilika njiani. Lilianza kujengwa 2011 na kuzinduliwa rasmi Septemba 2025. Kwa Kiamhari ni bwawa la Hidase, Waarabu husema Sadd an-Nahda, na vyombo vingi vya habari vya Kiswahili huacha Renaissance katikati ya sentensi. Hapa ningeandika Bwawa la Hidase, na maelezo mafupi mara ya kwanza. Wenye nchi wana neno lao, kwa nini tulipitishe Paris?

Harlem pia inafundisha. Waandishi na wanamuziki Weusi wa New York ya miaka ya 1920 walijulikana zaidi wakati ule kwa jina la New Negro, yaani Mtu Mweusi Mpya, ambalo Alain Locke aliliweka juu ya mkusanyo wake wa 1925. "Harlem Renaissance" lilienea baadaye. Kwa Kiswahili "Renesansi ya Harlem" inatosha, kwa kuwa limeshakuwa jina, ila mwandishi mwangalifu ataeleza mara moja kwamba wenyewe walijiona watu wapya.

Na pwani yetu. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa msomaji wa majarida ya Kairo na hasa al-Manar, alitoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani kusomesha watoto, wa kike pamoja, na kuacha mila zilizowadhoofisha. Wapo wanaomwita mtu wa nahdha, na kwa upande wa asili ya fikra zake hawajakosea. Lakini yeye jina alilochapa kwenye gazeti lake ni islah, kutengeneza kilichoharibika. Tukimwandika, tumwandike kwa neno lake.

Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuanza urais wa Jamhuri ya Tanganyika, Julius Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisema kwamba katika makosa yote ya ukoloni hakuna lililozidi lile la kutufanya tuamini kwamba hatuna utamaduni wetu, na kwamba anataka wizara hiyo itafute yaliyo bora katika mila za makabila yote. Kutafuta yaliyopo, kuyachambua, kuyarudishia heshima. Sioni pa kuweka "kuzaliwa upya" hapo. "Mwamko" unakaa, kwa upande wa watu kuacha kujidharau. Kwa kazi ya wizara yenyewe, uhuisho.

Nikiulizwa ninachokishauri

Mwalimu wa historia na mfasiri wa kitabu cha shule: Renesansi, kwa enzi ya Ulaya kati ya karne ya 14 na ya 16, na sentensi moja ya kueleza kwamba Vasari alilianzisha kwa sanaa na Michelet akalifanya enzi. Usilibadilishe katikati ya sura.

Mwandishi wa habari za siasa au za harakati za taifa: mwamko, kama watu wamebadilika fikra. Hakikisha sentensi yako haiwalazi watu ambao hawakuwa wamelala.

Anayeandika juu ya Waarabu au Oman: Nahdha. Juu ya dini: uamsho, kwa kutaja ni upi.

Anayeandika juu ya sanaa, lugha, ushairi, ufundi na mila zetu: kuhuisha na uhuisho, na kitu kinachohuishwa kitajwe. Nina sababu moja zaidi ya kulishikilia hili. Mombasa ya karne ya 19 alikuwapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyekusanya tungo za Muyaka kutoka kwa watu waliokuwa bado wanazijua, akamweleza maana zake mmisionari William Taylor, na maandishi hayo yakahifadhiwa hadi Diwani ya Muyaka ikachapwa mwaka 1940. Kazi ya Petrarca mjini Verona na kazi ya Mwalimu Sikujua zinakaribiana sana. Tofauti ni kwamba Cicero alikuwa ameshanyamaza zaidi ya miaka elfu moja, na wengi wa waliomsomea Sikujua mashairi yale walikuwa wameyapokea kwa wazee wao, midomo kwa midomo, na walijua hata nani alitungiwa beti gani na kwa ugomvi upi.